Vifaru Waliorudi Kwao

Mtu asimamaye Kahe alfajiri, wakati mawingu hayajapanda, huuona mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, na kilele chake cheupe kikimeta juani. Akigeuka na kutazama kusini-mashariki, huona milima ya Upare imejipanga kama ukuta. Reli itokayo Moshi hupita Kahe, kisha hufuata miguu ya milima hiyo upande wa magharibi, ikapita Same na kuteremka mpaka Tanga. Nyuma ya ukuta huo, upande wa mashariki, iko nyika pana na kavu, yenye miiba na mibuyu. Nyika hiyo ndiyo Mkomazi, nayo imepakana na nyika ya Tsavo katika nchi ya Kenya.

Katika nyika ya Mkomazi wako vifaru weusi. Jambo hilo peke yake halishangazi, maana nyika yenye miiba ni makao ya kifaru tangu zamani. Lenye kushangaza ni hili, kwamba baadhi ya vifaru hao hawakuzaliwa Afrika. Walizaliwa Ulaya, katika nchi ambazo theluji haikai juu ya mlima tu, bali wakati wa baridi hushuka mpaka mlangoni pa nyumba. Walikuja kwa eropleni, wakashuka katika uwanja wa Kilimanjaro, ulio kati ya Moshi na Arusha. Ilikuwaje mnyama wa nyika hizi azaliwe ng'ambo? Na kwa nini watu walijitaabisha kumrudisha? Habari hizo ndizo zielezwazo hapa.

1. Kifaru mweusi ni mnyama gani

Kifaru mweusi si mweusi, wala kifaru mweupe si mweupe. Wote wawili wana rangi ya majivu, au rangi ya tope walilogaagaa. Tofauti yao iko mdomoni. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, naye hula nyasi za chini kama ng'ombe. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, nao humfaa kama kidole: hushika tawi kwa mdomo huo, akalivuta kinywani, akalikata kwa magego. Chakula chake ni vichaka na matawi, pamoja na miiba yake. Uzito wa kifaru mweusi aliyekomaa huwa kama kilo 800 mpaka 1,400.

Macho yake ni dhaifu, lakini masikio yake na pua yake ni hodari. Tena anaye mlinzi. Yuko ndege mdogo akaaye mgongoni pake na kuokota kupe. Ndege huyo akimwona mtu anakaribia hulia kwa sauti kali, na kifaru husikia, akageuka mara. Kwa hiyo Waswahili wamempa ndege huyo jina la askari wa kifaru, na jina hilo limemstahili.

Kifaru huyu ana pembe mbili, moja mbele ya nyingine, zimeota juu ya pua. Pembe hiyo huitwa kipusa. Haina mfupa ndani yake kama pembe ya ng'ombe, bali imefanyika kwa kitu kile kile kilichofanya kucha na nywele za binadamu. Mtu atafunaye kucha zake mwenyewe hupata dawa ile ile aipatayo anunuaye kipusa kwa fedha nyingi, yaani hapati dawa yo yote. Walakini kwa ajili ya kipusa jamii nzima ya vifaru ilikaribia kwisha duniani.

Jambo moja zaidi lapasa kukumbukwa. Jike la kifaru huchukua mimba muda wa miezi 15, huzaa mtoto mmoja tu, na huyo hufuatana na mama yake miaka miwili au mitatu kabla mwingine hajazaliwa. Mtu mwenye bunduki humwua kifaru kwa dakika moja, lakini kuijaza nafasi yake ni kazi ya miaka mingi.

2. Jinsi vifaru walivyokwisha

Hapo kale vifaru walikuwa wengi katika tambarare zote zinazozunguka Kilimanjaro. Mwaka 1887 kabaila mmoja wa Hungaria, Samuel Teleki, alifika Taveta na miguuni pa mlima pamoja na mwenziwe Ludwig von Höhnel. Habari za safari yao zimejaa vifaru waliowakuta njiani na kuwapiga risasi. Siku zile hakuna mtu aliyefikiri kwamba wanyama hao waweza kwisha. Hata katika miaka ya 1940, serikali ya Kenya ilipotaka kufungua nchi ya Makueni, katika Ukambani, ili watu wapate mahali pa kukaa na kulima, mwindaji J. A. Hunter aliamriwa kuwaondoa vifaru waliokuwako. Katika muda wa miaka michache aliwaua yapata 1,000.

Hata hivyo vifaru walibaki wengi. Msiba mkubwa ulikuja miaka ya 1970 na 1980. Huko Yemeni watu walipata fedha nyingi, na kila mwanamume alitaka jambia lenye mpini wa kipusa. Katika nchi za mashariki ya mbali kipusa kilisagwa na kuuzwa kuwa dawa ya homa. Bei ikapanda sana, na majangili wakaingia nyikani na bunduki kali. Ni kweli kwamba mwaka 1977 mataifa yalipatana kukataza biashara ya kipusa, lakini biashara iliendelea kwa siri.

Hesabu yaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa kama 65,000. Mwaka 1995 hawakufika 2,500. Maana yake ni kwamba katika kila vifaru 26, vifaru 25 walipotea, akabaki mmoja. Katika nchi ya Kenya walikuwa yapata 20,000, wakapungua hata chini ya 400. Na katika Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951, vifaru walikwisha kabisa. Miaka ya 1980 ilipoelekea mwisho, mtu angeweza kutembea katika nyika ile mwezi mzima asione hata unyayo mmoja wa kifaru.

3. Mbegu iliyowekwa mbali

Mkulima mwenye akili hali mahindi yake yote. Baada ya mavuno huchagua yaliyo mazuri, huyafunga pamoja, na kuyatundika juu ya meko ili moshi uyalinde na fukusi. Mwaka wa njaa watoto hulia, lakini mama hayagusi mahindi yale, kwa sababu ni mbegu. Mvua ikinyesha, wenye mbegu hupanda, na wasio nayo huenda kuomba kwa jirani.

Wanyama wa porini nao waweza kuwekewa mbegu. Katika miji mingi ya Ulaya ziko bustani za wanyama, ambamo simba, twiga, vifaru na wengineo hufugwa ndani ya nyua na mabanda. Hapo mwanzo bustani hizo hazikuwekwa kwa nia ya kuhifadhi mbegu. Zilifanywa ili watu wapate kutazama wanyama wa mbali na kustaajabu, na wanyama wengi walionaswa kwa ajili yake walikufa njiani au katika vizimba vidogo. Lakini miaka ilipopita watu waliona kwamba baadhi ya wanyama waliofugwa humo walikuwa wamekwisha huko kwao.

Mfano mmoja ni wa mnyama wa China, afananaye na kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi, aitwaye milu. Mwaka 1865 padre mmoja Mfaransa, Armand David, aliwaona milu katika uwanja wa mfalme karibu na Beijing, na baadaye wachache walipelekwa Ulaya. Kisha uwanja ule ukapatwa na mafuriko mwaka 1895 na vita mwaka 1900, na milu wakatoweka China. Mwingereza mmoja mwenye cheo, mkuu wa Bedford, alikusanya 18 kutoka katika bustani za Ulaya, akawaweka katika shamba lake la Woburn. Hao 18 wakazaa, na wajukuu wao wakazaa, hata mwaka 1985 milu wakarudishwa Beijing, mahali pale pale walipotoka wazee wao. Kama isingalikuwa mbegu ile, leo milu angalijulikana kwa picha tu.

Mambo kama hayo yalimpata kifaru mweusi. Katika nchi ya Ucheki, katikati ya Ulaya, uko mji uitwao Dvůr Králové, na bustani yake ya wanyama ilifunguliwa mwaka 1946. Katika miaka ya 1960 na 1970 mkuu wa bustani hiyo, Josef Vágner, alifunga safari nyingi kuja Afrika, akarudi na wanyama wengi, na miongoni mwao walikuwako vifaru weusi wa jamii ya Afrika Mashariki. Nako Uingereza, katika nchi ya Kent, bustani ya Port Lympne iliyoanzishwa na John Aspinall iliwafuga vifaru wa jamii hiyo hiyo. Wakati majangili walipokuwa wakiwamaliza vifaru wa Mkomazi, ndugu zao walikuwa wakizaa katika nchi ya baridi.

4. Kazi ya kuitunza mbegu

Kumfuga kifaru mbali na kwao si kazi rahisi. Wakati wa baridi kali hana budi kulala katika nyumba yenye joto. Chakula nacho kina matata. Vichaka vya nyika vina uchungu fulani unaozuia madini ya chuma yasiingie mno katika damu. Majani na nafaka za Ulaya hazina uchungu huo wa kutosha, na kwa hiyo kifaru mweusi aliyefugwa hujikusanyia chuma kingi mwilini hata akaugua. Imewapasa watunzaji kujifunza kumpa matawi ya miti pamoja na majani makavu, na kupima damu yake mara kwa mara. Wala huko hakuna askari wa kifaru mgongoni. Ulinzi wote ni wa binadamu.

Tena liko jambo la ukoo. Bustani moja haiwezi kuwa na vifaru wengi, na wakiachwa wazaane wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, watoto huwa dhaifu. Kwetu kijana akitaka kuposa, wazee huuliza kwanza habari za ukoo wa msichana, ili watu wa damu moja wasioane. Watunzaji wa Ulaya nao hufanya vivyo hivyo. Tangu mwaka 1985 bustani nyingi za huko zimepatana kuwaangalia wanyama walio haba kwa shauri moja. Kila kifaru ameandikwa katika kitabu, jina lake, mwaka aliozaliwa, baba yake na mama yake. Mwangalizi wa kitabu hutazama, kisha husema dume huyu aende kwa jike yule, hata kama yuko nchi nyingine. Bustani huazimana dume kama majirani waazimanavyo fahali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vifaru wa Ulaya, ambao idadi yao haifiki 100, hawakupotea kwa kuwa daftari yao iliandikwa vizuri.

5. Safari ya kurudi

Mbegu ni kitu kimoja, na shamba ni kitu kingine. Haifai kupanda mahali ambapo nguruwe wataifukua mbegu usiku ule ule. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuitengeneza Mkomazi kwanza.

Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe ndani ya Mkomazi walitolewa. Jambo hilo liliwaumiza sana, maana wengi wao walipoteza malisho na maji waliyoyazoea, na mashauri yao yalifika mpaka mahakama kuu za nchi. Si haki kuisahau habari hiyo, kwa kuwa ulinzi wa wanyama una gharama, na mara nyingi gharama hiyo huwaangukia watu wakaao karibu. Mwaka 1989 serikali ya Tanzania ilimwita Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na George Adamson na simba wake huko Kora, Kenya, aje kusaidia kuifufua Mkomazi. Barabara zilikatwa, visima vikachimbwa, na sehemu ya kama kilometa 50 za mraba ikazungushiwa ua wenye nguvu za umeme, na askari wakawekwa kuulinda usiku na mchana. Mwaka 2008 Mkomazi yote ikafanywa Hifadhi ya Taifa.

Vifaru wa kwanza waliletwa mwaka 1997, wanne, na mwaka 2001 wakaletwa wanne wengine. Hao walitoka Addo, katika Afrika Kusini. Lakini hata wao asili yao haikuwa huko, maana wazee wao walikuwa vifaru wa Kenya waliopelekwa Addo katika miaka ya 1961 na 1962. Basi wajukuu walirudi karibu na nyika ya babu zao.

Baada ya hao ndipo walipokuja wa Ulaya. Mwaka 2009 walitoka Dvůr Králové watatu, nao ni Jabu, Jamie na Deborah. Mwaka 2012 walitoka Port Lympne wengine watatu, Monduli, Grumeti na Zawadi. Majina hayo ni ya kupendeza, kwa maana watunzaji wa Kiingereza waliwapa wanyama waliozaliwa ng'ambo majina ya Tanzania, kama kwamba walijua wataitwa kwao siku moja. Mwezi wa Juni mwaka 2016 akaja jike mmoja peke yake kutoka Dvůr Králové, jina lake Eliška, mwenye umri wa miaka minne.

Namna ya kumsafirisha kifaru yafaa kuelezwa. Hafungwi kamba na kuburutwa. Majuma mengi kabla ya safari, kizimba kizito huwekwa karibu na banda lake, mlango ukiwa wazi, na chakula akipendacho huwekwa ndani. Siku ya kwanza hunusa tu. Siku nyingine hutia kichwa. Kidogo kidogo huingia na kutoka bila hofu, hata siku ya safari mlango ukifungwa nyuma yake haoni kuwa ni ajabu. Kisha kizimba hupakiwa katika gari kubwa na baadaye katika eropleni, na mtunzaji wake pamoja na mganga wa wanyama husafiri naye, wakimpa maji na kusema naye kwa sauti aijuayo.

Naye akiisha kufika, hafunguliwi mara moja na kuachwa nyikani. Huwekwa kwanza katika boma dogo. Kuna sababu mbili. Kwanza, hajui miiba ya huku wala maji ya huku. Pili, uko mdudu mbung'o, achukuaye ugonjwa wa nagana. Kifaru aliyezaliwa nyikani huumwa na mbung'o tangu utoto, na mwili wake hujifunza kupigana na ugonjwa. Lakini aliyezaliwa Ulaya hajapata kumwona mbung'o hata mmoja. Akiumwa na wengi kwa ghafula aweza kufa. Basi hulindwa, na waganga humpima damu, mpaka mwili wake uzoee. Hapo ndipo huhamishiwa mahali palipo pakubwa zaidi, na mwisho huchanganywa na wenzake.

Vifaru wa Mkomazi wamezaa, na watoto wao hawaijui Ulaya wala Addo. Fitzjohn alifariki mwaka 2022, na ulinzi wa vifaru hao uko mikononi mwa Shirika la Hifadhi za Taifa. Palianzishwa pia mafundisho yaliyoitwa Rafiki wa Faru, ambayo kwayo wanafunzi wa shule za jirani waliletwa kwa basi mpaka ndani ya ua, wakajifunza habari za mnyama ambaye wengi wao hawajapata kumwona, ijapokuwa babu zao walimkimbia njiani. Kwingineko pia kazi kama hiyo imefanywa. Mwaka 2019 vifaru weusi watano kutoka bustani za Ucheki, Uingereza na Denmark walipelekwa Akagera, katika nchi ya Rwanda. Na katika Afrika nzima vifaru weusi wameongezeka tena, wamepita 6,000.

6. Mbegu iliyochelewa

Lakini si kila habari ya namna hii yaishia kwa furaha. Yuko kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye makao yake yalikuwa Sudani, Uganda na Kongo. Mwaka 1975 baadhi yao walinaswa Sudani na kupelekwa Dvůr Králové, na mmoja wao, dume mchanga, akaitwa Sudan. Huko walizaa kidogo sana. Porini majangili waliwaua, na baada ya mwaka 2007 hapakuonekana tena dalili yao hata katika hifadhi ya Garamba, Kongo, iliyokuwa kimbilio lao la mwisho.

Mwezi wa Desemba mwaka 2009 wanne waliobaki na nguvu ya kuzaa waliletwa kutoka Ucheki mpaka Ol Pejeta, karibu na mlima Kenya, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za Afrika zitawafanya wazae. Hawakuzaa. Dume Suni alikufa mwaka 2014, na Sudan, aliyekuwa dume wa mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu. Wataalamu wamechukua mayai ya Fatu na kuyaunganisha na mbegu za madume waliokufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali, wakitaka kuyapandikiza tumboni mwa jike wa jamii ya kusini. Ni kazi ya akili nyingi na gharama kubwa mno. Miaka hamsini kabla yake ingalitosha kumlinda mnyama huyo kwao. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Wala mtu asidhani kwamba Ulaya ni mahali pasipo hatari. Mwezi wa Machi mwaka 2017 wezi waliingia usiku katika bustani ya Thoiry, karibu na Paris, wakamwua kifaru mmoja aitwaye Vince, wakaikata pembe yake na kuondoka nayo. Baada ya hayo wakuu wa bustani ya Dvůr Králové waliamua kuwakata vifaru wao pembe, ili kusiwe na kitu cha kuwavuta wezi. Basi hata mahindi yaliyotundikwa juu ya meko yaweza kuibwa.

7. Mnyama asiye na akiba

Yuko mnyama mwingine, aliye karibu na watu wa Kahe kuliko kifaru. Katika msitu ulioizunguka Kilimanjaro, mahali penye ukungu na miti mirefu, hukaa mnyama aitwaye minde. Ni wa jamii ya paa wa msituni, lakini ni mkubwa na mnene, mwenye rangi nyeusi-nyeusi, na kishungi cha nywele nyekundu utosini. Hutembea zaidi usiku, na kwa hiyo watu wachache wamepata kumwona. Jina lake la Kiingereza limetokana na Mmarekani William Louis Abbott, aliyekusanya wanyama Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880. Hata hivyo picha yake ya kwanza akiwa porini ilipatikana mwaka 2003 tu, katika milima ya Udzungwa.

Minde hapatikani katika nchi nyingine yo yote ila Tanzania, katika misitu michache ya milimani. Adui yake mkubwa ni tanzi la waya lililotegwa njiani na shoka linaloukata msitu. Na katika bustani za Ulaya minde hayumo. Hakuna kitabu kilichoandikwa majina yao. Hakuna kizimba kilichowekwa wazi ili wazoee safari. Siku minde wa mwisho atakaponaswa katika tanzi, hakuna eropleni itakayoshuka kwenye uwanja wa Kilimanjaro kuleta wengine.

Vifaru walipotea Mkomazi, na mbegu yao ikapatikana ng'ambo kwa bahati, kwa kazi ya watu wengi na kwa fedha nyingi. Mbegu ya minde iko mahali pamoja tu, nao ni msitu ule uonekanao kutoka Kahe kila asubuhi, chini ya theluji na juu ya migomba. Walinzi wake ni watu wakaao chini yake, na watoto wao.

MASWALI

1. Kifaru mweusi na kifaru mweupe hutofautianaje?
2. Kwa nini ni vigumu kwa vifaru kuongezeka upesi?
3. Watunzaji wa Ulaya huandika nini katika kitabu chao, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini kifaru atokaye Ulaya huwekwa kwanza katika boma dogo?
5. Waulize wazee wa kwenu ni wanyama gani waliokuwako zamani ambao hawaonekani tena, na ni nini kilichowaondoa.